Bibi wa Mbali

9 Januari

Chiriku wangu,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko stempu walizonibandikisha kwenye bahasha hii. Natumaini mko wazima, wewe, mumeo na Kifaranga wetu. Sisi huku hatujambo. Kaka yako yuko njiani na lori lake kama kawaida. Akirudi analala kama gogo, akiamka anauliza kimepikwa nini. Goti langu la kushoto linasumbua nikipiga misumari chini ya kochi, lakini goti ni langu na kochi ni la mteja, kwa hiyo anayesubiri ni goti. Nimepata kazi ya viti vya daktari wa meno. Vyote vimechanika pale mahali pa kuwekea mikono. Watu wanaogopa, wanakwangua. Nimewawekea ngozi nzito, sasa wakwangue mpaka kucha ziishe.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ipo, lakini kila nikipiga nasikia kikohozi cha mama mkwe wako nyuma yako. Siwezi kuzungumza na mwanangu huku mtu mwingine anakohoa. Barua haina kikohozi.

Sasa neno lenyewe. Ile picha uliyotuma, Kifaranga kakaa mapajani kwa mama mkwe wako, kamshika sikio kama mtu anavyoshika mali yake. Kaka yako aliitazama akasema, "Picha nzuri." Nikamwambia ndiyo, nzuri. Kisha nikaigeuza ikaangalia ukuta. Si kwa ubaya, ni vumbi tu.

Mimi sina wivu. Wivu wa nini na mtu mzima mwenye mvi zake? Nauliza tu. Mtoto ana bibi wawili. Mmoja anashuka ngazi na kandambili, kafika mlangoni. Na mwingine je? Ni mbali kiasi gani hasa? Nilimuuliza kaka yako, akasema kama kungekuwa na barabara, na bahari ikubali kupitisha magurudumu, lori lake lingechukua wiki mbili na zaidi, bila kuhesabu matairi. Na ndege je? Niandikie vizuri, usinikatie maneno. Hata kitambaa sikitii mkasi kabla sijajua urefu wake.

Mama yako.

*

2 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua ilifika juzi, kona moja imelowa lakini maneno yote yapo. Pole na goti. Hapa hatujambo. Nimebadilishiwa zamu ghalani, sasa naingia alfajiri, napanga maboksi ya dawa mpaka mchana. Kifaranga anakimbia, hatembei tena. Akianguka anaitukana sakafu kwa lugha anayoijua mwenyewe. Baba yake yuko kikazi mji mwingine, wanafunga lifti za jengo jipya. Anawasalimu.

Nilikwenda kwa wakala wa tiketi nikaulizia umbali. Ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani ni kama kilomita elfu nane. Lakini hakuna ndege inayofuata huo mstari. Unaruka masaa matano mpaka uwanja wa kati, unasubiri pale masaa manne, halafu unaruka mengine tisa. Ukijumlisha ni kumi na nane. Kuja huku kunachukua muda zaidi kuliko kwenda huko. Huko juu kuna upepo mkali unaovuma upande mmoja tu. Ndege zinazokuja huku zinapambana nao, zinazokwenda huko zinasukumwa mgongoni. Mama alishangaa sana nilipomweleza, alidhani njia ni moja. Namaanisha mama mkwe.

Sasa usiseme hapana kabla hujamaliza kusoma. Nimekukatia tiketi. Unaondoka jioni ya tarehe kumi na sita Aprili, kesho yake unakula nasi chakula cha mchana. Mama mkwe ana hamu ya kukuona. Tangu Novemba amekuwa ndiye mikono yangu miwili. Nikirudi kazini nakuta mtoto ameoga na nguo zimeanikwa. Sijui ningefanyaje bila yeye.

Mwanao.

*

27 Februari

Chiriku wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Kaka yako alipata pancha mbili kwa safari moja, akarudi na uso kama amefiwa. Daktari wa meno kalipa, na akaniuliza kama natengeneza na meno. Nikamwambia natengeneza kila kinachokaliwa, si kinachotafuna.

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaisoma tena kibandani kwangu. Hapo penye neno "Mama", ukaandika "namaanisha mama mkwe", ungeweza kupafuta tu. Karatasi unayo. Lakini haidhuru, mkono ukizoea njia haumuulizi mwenyewe.

Na huo upepo wako nimeuelewa. Maana yake wewe uko karibu na mimi kuliko mimi nilivyo karibu na wewe. Njia ni ile ile, lakini ninyi mnasukumwa na mimi nazuiwa. Sasa mbona anayesukumwa haji, anatumwa anayezuiwa?

Nitakuja. Kaka yako ameshanifokea. Namshonea Kifaranga kochi dogo, kimo cha goti langu, kitambaa cha kijani chenye mistari, na mkanda pembeni. Nitabeba ganda tu, nimelikunja kama shati. Sponji na mbao tutanunua huko nimalizie mbele ya macho yake. Mwambie mama mkwe wako kwamba kiti cha mtoto kitatoka kwangu, asije akaharakisha kununua cha dukani.

Mkwe wangu vipi? Kila nikimuulizia yuko kwenye lifti. Lifti za huko zinapanda mpaka wapi, mbona hashuki? Mwambie mama wa mkewe anakuja, akate nywele.

Mama yako.

*

21 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Tulifika uwanjani mapema. Kifaranga alikuwa na ua la karatasi alilotengeneza na bibi yake. Tulisimama pale kwenye kamba wanapopokelea watu. Walitoka wote. Alitoka mzee mwenye mkongojo, akatoka mwanamke mwenye mapacha, nikasema atakayefuata ni wewe. Mwisho wakatoka marubani na wahudumu, wanavuta vijisanduku vyao, wanacheka. Mama mkwe akaenda kuuliza. Wakamwambia kiti chako kilikuja kitupu.

Nilipiga simu yako, haikupokelewa. Kaka ndiye aliyepokea ya kwake. Aliniambia ulirudi na teksi usiku ule ule, ukasema tumbo, na asubuhi yake ulikuwa kibandani unapiga misumari.

Tumbo, mama?

Ile tiketi hairudishwi. Lakini siandiki kwa ajili ya tiketi. Kifaranga alilala na lile ua mkononi.

Mwanao.

*

30 Mei

Chiriku wangu,

Salamu, na mambo mengi yamepita. Jirani wa nyuma amepaka nyumba yake rangi ya haradali, mtu akitazama macho yanauma. Kaka yako amepunguziwa safari, kwa hiyo yuko nyumbani ananifundisha kazi yangu mwenyewe. Nimeshona makochi mawili ya maharusi, wakagombana juu ya rangi, nikawaambia wakapatane kwanza wao halafu waje na kitambaa. Mvua imepungua.

Nimeshindwa kuandika wiki zote hizi. Nilianza barua mara kadhaa na kila moja ilikuwa na tumbo ndani yake, nikazichana. Hakukuwa na tumbo.

Nilikuwa nimeshakaguliwa, nimekaa kwenye viti vya kusubiria. Viti vile vilishonwa na mtu mwenye haraka, mshono umekwenda upande. Nilikuwa nautazama huo mshono na moyo wangu umetulia, Chiriku, nakuapia umetulia. Simu ikalia. Namba ya huko.

"Hujambo mwenzangu," sauti ikasema. "Mimi mama mkwe wa binti yako. Nimeona nikukaribishe mapema."

Nikasema asante.

"Chumba tayari. Utalala kwangu, ghorofa ya juu, maana kwa binti yako ni padogo. Kitanda nimekitandika mwenyewe. Na huyu hapa mjukuu wako, nimemfundisha jina lako asije akakushangaa. Haya, mwanangu, sema. Nani anakuja?"

Nikasikia sauti ya Kifaranga, karibu kabisa, kama ameitia simu mdomoni. "Bibi wa Mbali."

"Tena," akamwambia. "Bibi wa Mbali," mtoto akasema, na yule mwanamke akapiga makofi.

Basi. Hivyo tu. Yeye ni Bibi, neno zima, halina mkia. Mimi nimepewa mkia. Nikajiona nafika pale kama mgeni wa maonyesho, nalala kitanda alichotandika yeye, naonyeshwa damu yangu kwa saa anazopanga yeye, na akichoka ananirudisha kwenye sanduku. Miguu ilisimama kabla sijaiambia. Nikawaambia wahudumu naumwa tumbo, ikabidi walitafute begi langu ndani ya ndege, na abiria wote wamekaa wananisubiri. Mmoja wa wahudumu aliniuliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia mwanangu, mpaka sasa nina hakika ya kitu kimoja tu, kwamba sipandi.

Nilisema sina wivu. Haya, ninao. Unikasirikie, ni haki yako. Lakini ujue kuwa ilikuwa sauti ya mtoto, haikuwa tumbo.

Mama yako.

*

19 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nafurahi mmepata nafuu ya mvua. Msalimie kaka, mwambie nyundo ashike yeye kama anajua sana. Hapa tuko hivyo hivyo. Kazini wamepunguza watu, mimi nimebaki.

Barua yako nimeisoma, sikujua nicheke au nifanye nini. Kuna jambo moja lazima ulijue. Lile jina si lake. Ni langu. Kifaranga alikuwa anaonyesha picha yako, anauliza, "Nani?" Namwambia, "Bibi." Anauliza, "Wapi?" Namwambia, "Mbali." Akayaunganisha, na mimi nikamwacha kwa sababu ilinifurahisha kusikia. Mama mkwe alimfundisha kulitamka vizuri tu, alidhani utafurahi. Siku ile ulipokosa kufika aliniuliza, "Nilimwambia neno gani baya?"

Nilitaka nimlete Kifaranga kwako mwezi wa nane, lakini siwezi kupata likizo. Mama mkwe amesema atamleta yeye mwenyewe, wakae kwako mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Kuna mambo ya karatasi huku nataka kuyamaliza, ya kazi na ya nyumba, na ni rahisi nikiwa peke yangu. Mama, nakuomba, mpokee. Ana miaka sitini na minane na miguu inamvimba akikaa. Masaa yote hayo na mtoto mgongoni, hakuna aliyemlazimisha.

Baba Kifaranga anawasalimu.

Mwanao.

*

24 Agosti

Chiriku,

Wote wazima, mtoto ana afya, hana hata kikohozi. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki umetulia.

Tuliwapokea vizuri. Yeye ni mfupi kuliko picha, na kweli miguu ilikuwa imejaa viatuni kama unga ulioumuka. Kifaranga alikuwa amelala begani kwake. Alipoamka akanitazama, akatazama kaka yako, akachagua kaka yako. Haya.

Wiki ya kwanza nilikuwa mpole mpaka kaka yako akaniuliza kama naumwa. Kochi la kijani nililijaza sponji siku ya pili, na mtoto akalikalia, nikajisikia mtu. Lakini akidondosha kitu anamwita yeye. Akisinzia anamtafuta yeye, ananipita mimi nimenyoosha mikono kama mti wa kuanikia nguo. Maji ya kuoga yalikuwa vita. Mimi nayataka ya vuguvugu, yeye anayataka ya moto kidogo, tunatia na kupunguza, na mtoto yuko uchi kasimama anatusubiri. Mwenzangu hana kelele. Anasema, "Kwetu amezoea hivi," basi, anaendelea. Hilo neno "kwetu" lilinichoma kuliko hayo maji.

Jumanne iliyopita nilimchukua mtoto kibandani. Nilikuwa navua kitambaa cha kochi la zamani, na yeye amekaa sakafuni anacheza na vipande. Mwenzangu akaingia, akaona kopo la misumari karibu na mkono wa mtoto, akamnyakua.

"Atameza!"

Nikamwambia, "Nimelea wawili katikati ya misumari hii. Hakuna aliyemeza."

"Hao ulilea wako," akasema. "Huyu mimi nimemlea mikononi tangu mwanangu alipotutupa, na nimeahidi kumrudisha kwa mama yake akiwa mzima."

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini taratibu, kwa sababu sikujua ningeiweka wapi vinginevyo.

Akaniona uso. Akasema polepole, "Ameshakwambia, siyo? Nilidhani ameshakwambia."

Chiriku, hapo ndipo nilipoona mimi ni mtu wa namna gani. Mwanangu ameachwa, na mimi nilichokimbilia kwanza ni kwamba mwanamke huyu asijue kuwa hujaniambia.

"Ameniambia," nikasema. "Mimi ni mama yake. Ananiambia kila kitu."

Akatoka na mtoto. Mimi nikalivua lile kochi lote, mpaka springi, mpaka mbao, kochi ambalo mteja alitaka kitambaa cha juu tu. Kaka yako aliporudi akakuta mifupa, akaniuliza nani kalichinja.

Siku zilizofuata nikawa namchokonoa kwa ujanja, kama mtu anayejua. Namwambia, "Na upande wako ilikuwaje?" Naye anasimulia huku anakunja nguo. Kwamba ilikuwa Jumapili asubuhi ya Novemba. Kwamba mumeo alichukua begi la vifaa, akasema lifti imekwama na watu ndani. Kwamba alipiga simu jioni akiwa mji mwingine, na alikuwa na mwanamke mwingine. Kwamba ulikaa ngazini ukakataa kuingia ndani, yeye akashuka akakaa nawe. Kwamba hukula, akakulisha kwa kijiko, na siku ya tatu akakuosha nywele. Alilisema hilo bila kujisifu, kama anavyosema alifua mashuka. Na kwamba mwanawe alipokuja kuchukua nguo, yeye mwenyewe, mama yake wa kumzaa, alisimama mlangoni akamwambia, "Mpaka hapo." Karatasi unazomalizia huko ni za mahakamani.

Na mimi nilikuandikia mzaha wa lifti. Ulipousoma ulikuwa wapi? Nani alikuwa chumbani?

Kwenye simu hatulizungumzi hili. Anakaa karibu, na nimeshamwambia kuwa najua. Niandikie.

Mama yako.

*

13 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Kaka asalimiwe, na mwenye kochi asalimiwe pia kama bado anaongea na wewe.

Barua yako niliikuta nikitoka mahakamani. Imekwisha. Kifaranga atakaa na mimi. Baba yake atamwona akitaka, na mpaka sasa hajaonyesha kutaka.

Uliuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa jikoni, peke yangu. Ule mzaha wako wa lifti nilicheka, mama. Nilicheka kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba. Halafu nikakaa sakafuni.

Sikukwambia kwa sababu siku ya harusi yangu ulinivuta kando ukaniambia, "Huyu anatazama mlango kuliko anavyokutazama wewe." Nilikukasirikia mwaka mzima. Sikutaka uwe ulisema kweli.

Sikukwambia pia kwa sababu ungeniambia nirudi, na ningerudi. Ningeacha kazi, na zamu, na kila kitu nilichokijenga huku kwa mikono yangu, nikaja kukaa kwenye kochi lako nihurumiwe. Ungenihurumia vizuri mno.

Na iko sababu nyingine, nayo ni ndogo. Mama mkwe alikuwa anashuka ngazi. Nilipokuwa nimekaa pale sikuweza kufikiri, ni mtu tu aliyekuja akakaa. Wewe ningekuita, ungetoka mbio, najua, ungepanda hata bila viatu. Lakini ungenikuta baada ya siku nzima. Kuna kilio hakiwezi kusubiri masaa kumi na nane, mama. Si kwamba nilimchagua. Hakukuwa na kuchagua.

Tiketi zao ni za tarehe sita Oktoba. Sikuombi kitu. Safari hii sikukatii tiketi, nisije nikasimama tena kwenye ile kamba. Nakwambia tarehe tu.

Mwanao.

*

7 Oktoba, uwanja wa kati

Chiriku wangu,

Kaka yako mzima, amebaki na funguo za kibanda na onyo kwamba asiguse mkasi wangu. Ndiye aliyeenda kukata tiketi, aliposoma barua yako niliyokuwa nimeiacha mezani kwa makusudi. Sikumwomba. Nilimwuliza tu kama kiti cha pembeni mwa mwenzangu kimepata mtu.

Barua hii siitii posta. Nitakupa mkononi ukishanikumbatia, halafu nitaingia chooni kunawa uso, na nitanawa muda mrefu mpaka uimalize. Kuna maneno siwezi kuyasema nikiwa nakutazama.

Ndege ilipoinuka nilishika mkono wa kiti kwa nguvu zangu zote. Baadaye nikaona si mkono wa kiti, ni mkono wa mwenzangu, na umebaki na alama za kucha zangu. Tulipotulia juu, akaniambia bila kunigeukia, "Binti yako akipika supu anaonja, anasema haijafika ile ya mama. Miaka minne sasa. Hata siku aliyokuwa hawezi kula, nilimpa kijiko cha kwanza akasema hivyo hivyo." Nilimwuliza ilimuuma? Akasema, "Wewe ungeumia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi."

Sasa amelala hapa kwenye benchi, kinywa wazi. Kifaranga kalala katikati, kichwa kwake na miguu kwangu, na miguu hiyo inapiga mateke hata usingizini. Sikumsogeza. Nimeridhika na miguu kwa leo.

Usidhani nimepona. Mtu wa umri wangu haponi wivu kwa kupanda ndege. Nampenda huyu mwanamke, imenibidi, kwa alilokufanyia siwezi kumlipa hata nikimshonea nyumba nzima. Na wakati huo huo nikimtazama mikono ninataka kulia kwa hasira, kwa sababu ndiyo iliyokushika. Jumapili ile ilikuwa yangu, Chiriku. Kwenye zile ngazi nilipaswa kukaa mimi. Zile nywele nilizisuka tangu zilipokuwa fungu moja la vidole vitatu, na siku zilipohitaji kuoshwa zilioshwa na mtu mwingine, na mimi nilikuwa kibandani napiga misumari, naimba.

Hilo siwezi kurudishiwa, najua. Lakini kuna kitu naomba. Tukifika, mwache mwenzangu apande kwake apumzishe miguu, aende na Kifaranga. Wewe funga mlango. Tukae popote, hata sakafuni. Nianzie pale alipochukua begi, alivyovaa, alivyosema, ulivyosikia gari likiondoka. Usiruke kitu. Na usiniambie, "Si ameshakusimulia?"

Mimi sijasimuliwa na mtu.

Mama yako.